Mgeni wa Miaka Ishirini na Miwili

Umevaa viatu. Usigeuze shingo, tazama chini. Viatu hivyo vilikuwa ngozi, na ngozi hiyo, kabla ya kuwa kiatu chako, ilikandamizwa na dole gumba la mwanamke unayempita kila asubuhi. Husimama kwenye lango la kiwanda, upande wa mfereji. Ukifika pale unaziba pua. Kwa pua hakuna atakayekulaumu, ngozi mbichi inanuka. Lakini pua na macho ni viungo viwili, na wewe unaviziba vyote kwa mkono mmoja.

Leo utatazama.

King'ora cha kwanza kimeshalia. Foleni ya zamu ya asubuhi imejipinda kuufuata ukuta, wanaume kwa wanawake, buti mkononi, chakula kwenye makopo. Kwenye kibanda cha mlinzi imepigiliwa mashine ya kijivu, ukubwa wake kama tofali. Ina kioo kidogo cha kuwekea kidole, na sauti ya binti ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Ikikujua inasema, "Asante." Isipokujua inasema, "Jaribu tena."

"Asante." Mtu anaingia. "Asante." Mwingine.

Foleni inamfikia mwanamke mfupi wa makamo, mabega mapana, kitambaa cha kichwa amekifunga fundo nyuma. Analifuta dole gumba kwenye gauni, analipulizia pumzi kama anayesafisha miwani, analiweka kwenye kioo.

"Jaribu tena."

Anajaribu tena.

"Jaribu tena."

"Mbembeleze, Bi Dole!" sauti inatoka nyuma. "Mwite mpenzi!"

"Hata mume sikumbembeleza," anajibu bila kugeuka, "nije nikibembeleze kibati?"

Foleni inacheka. Anacheka hata mlinzi, kijana ambaye alikuwa hajazaliwa mwanamke huyu alipolipita lango hili mara ya kwanza. Lakini anacheka huku akitazama chini, na mkono wake unachukua kadi kwenye msumari. Kadi ina kamba ya kuvaa shingoni, na imeandikwa neno moja kwa herufi kubwa: MGENI.

"Shikamoo, Mama. Nisamehe."

"Marahaba, mwanangu. Leo mgeni wako kaja mikono mitupu tena."

Anaivaa, anaingia. Nyuma yake yuko mdogo wake wa tumbo moja, amebana kwapani glavu mpya za mpira. Anaweka kidole. "Jaribu tena." Anaweka tena. "Asante." Anashusha pumzi kama aliyetua mzigo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu amelishika jembe miaka ishirini na miwili, ndipo wakamfanya mgeni.

Anakofanya kazi panaitwa Chokaa. Ni banda refu lenye mashimo yaliyojengwa sakafuni kama makaburi yasiyo na udongo, na ndani yake maji meupe mazito. Ngozi za ng'ombe hulazwa humo mpaka manyoya yalegee. Zikitolewa mapema, manyoya yanang'ang'ania na kisu kinazichana. Zikichelewa, zinaoza, zinakuwa uji. Kati ya mapema na kuchelewa kuna nafasi ndogo tu, na kiwanda kizima kinaishi ndani ya nafasi hiyo.

Bi Dole anapiga magoti ukingoni. Anazamisha mkono mtupu mpaka kiwiko, anavuta pembe ya ngozi, analisukuma dole gumba kinyume cha manyoya.

"Bado."

Anahamia shimo la pili.

"Bado. Hii kesho."

La tatu. Manyoya yanateleza chini ya dole, yanabaki yameshikana pembeni kama povu.

"Toeni!"

Wanawake wanaingiza kulabu. Nyapara, mwanamume mnene mwenye kikohozi kisichoisha, anaitikia kwa kichwa na kupita. Haulizi. Kadi ya mgeni inaning'inia shingoni mwa Bi Dole, ncha yake inachovya kwenye chokaa, naye anairusha mgongoni kama tai ya mlevi.

Mkono wake ukiutazama karibu utatamani kuurudisha ulikotoka. Kiganja ni cheupe, kimejikunja kama karatasi iliyolowa ikakauka. Kucha zimeliwa nusu. Ncha za vidole ni laini, zinang'aa kama mgongo wa kijiko. Chumvi ya mchuzi humchoma, kwa hiyo hula kwa kijiko alichokifunga kitambaa mpini wake.

"Sijui joto la chai," anasema. "Nikishika kikombe, habari naletewa na midomo. Dole hili limesahau kila kitu duniani isipokuwa ngozi ya ng'ombe."

Hakuja kiwandani kutafuta kazi. Alikuja kuleta chakula.

Mumewe alikuwa mtu wa mapipa, yale makubwa yanayozunguka na ngozi ndani. Mara mojamoja mkewe alimletea chakula cha mchana langoni. Siku moja mlinzi wa wakati ule alimwambia, dada, huyu mtu wako ana siku kadhaa hajaonekana hapa. Na nyumbani alikuwa akiaga kila asubuhi, amenyoa, amebeba buti.

"Nikasimama na chakula kinapoa," anakumbuka. "Nyapara akatoka anafoka, pipa halina mtu. Akaniona. Akaniuliza, wewe ni nani wa huyo mwanamume? Nikasema, mkewe. Akasema, basi ingia wewe."

Alikuwa na njia mbili. Angeweza kurudi nyumbani akalia, majirani wakaja kumhurumia na kuchungulia sufuria. Badala yake alikaa juu ya jiwe pale nje ya lango, akakifunua kile chakula, akakila chote peke yake mpaka sufuria ikabaki nyeupe. Akanawa. Akaingia.

"Ningekirudisha nyumbani kile chakula, ningekuwa mjane wa mtu aliye hai," anasema. "Nilipokimaliza nikajua mimi ni mtu wa njaa yangu mwenyewe."

Wakamwita Mke wa Mtoro. Ndivyo alivyoitwa kwenye mapipa, ndivyo alivyoitwa alipohamishiwa Chokaa. "Mke wa Mtoro, lete kulabu." "Mke wa Mtoro, mumeo hajambo?" Aliitika. Mtu asiye na jina lake huitikia atakalopewa.

Kupima ngozi wakati huo ilikuwa kazi ya mzee mmoja mkimya. Siku moja mzee huyo akaugua, na mashimo yalikuwa yamejaa ngozi za mteja mkubwa. Nyapara alizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Hakuna aliyethubutu kusema toa, hakuna aliyethubutu kusema acha. Mke wa Mtoro alikuwa pembeni, amevaa glavu za kiwanda, nene, zenye nyufa, zinazoingiza maji ya chokaa na kukataa kuyatoa. Akavua ya kulia. Akazamisha mkono.

"Sikujua kwamba najua," anasema. "Nilikuwa nimemwangalia yule mzee muda mrefu, basi. Nikasukuma, manyoya yakaja. Nikapiga kelele, toeni sasa hivi! Nikaisikia sauti yangu mwenyewe, nikashangaa, nani huyo?"

Ngozi zikatoka salama, zote. Kufikia jioni Mke wa Mtoro alikuwa amekufa, na Bi Dole amezaliwa. Glavu alizitupia dirishani. Hakuzivaa tena.

Hapa ndipo wengi wangependa simulizi iishe, tukapiga makofi, tukarudi kwenye chai yetu. Haishi hapa.

Jina lina gharama, na Bi Dole hakuilipa peke yake. Kila mfanyakazi mpya aliyefika Chokaa na glavu alipokewa kwa vigelegele. "Bibi harusi kaja! Pete iko wapi?" Aliyeanzisha vigelegele alikuwa yeye. Ilichukua siku chache tu, mpya naye anazivua kwa aibu. Mdogo wake alipoajiriwa, Bi Dole alimvua glavu kwa mikono yake mwenyewe mbele ya wote. Wakamwita Dole Mdogo, naye akatembea kifua mbele.

"Tuliionea aibu kinga," anasema Bi Dole. Kisha anakwangua chokaa iliyoganda kwenye mwiko. "Niliionea mimi. Wao waliniiga."

Na kiwanda? Kiwanda kilipiga picha. Iko hadi leo kwenye korido ya ofisi, ndani ya fremu: mwanamke kijana anacheka, ameinua kiganja kuelekea kamera, na chini pameandikwa Mfanyakazi Bora. Ukikaribia kioo unaiona mistari ya vidole vyake, imejaa, kama mawimbi kwenye mchanga.

Mwaka huu ndipo alipojua jambo jingine. Maabara ya kiwanda ina vifaa vya kupimia chokaa na ngozi. Vipo miaka yote. Hutolewa kabatini siku ambazo wateja wakubwa wanakuja kukagua, wakiondoka vinarudishwa. Nyapara alipoulizwa kwa nini havitumiki kila siku, alijibu bila haya wala soni:

"Vipimo vinataka mtaalamu, vinataka dawa. Bi Dole anataka sabuni tu."

Alipoambiwa jibu hilo, Bi Dole hakukasirika kama ilivyotarajiwa. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Miaka yote nilidhani nina kipaji," alisema. "Kumbe nilikuwa bei poa."

Sasa tukumbushane, kwa sababu wenye viwanda wanapenda watu wasahau. Kiwanda hiki hakikuanza leo kuwahesabu watu. Zamani nyapara alisimama juu ya pipa akaita majina, nawe ukaitika. Yakaja mabati yenye namba, unatundika lako kwenye msumari. Mwaka watu walipogoma kwa sababu ya maji ya kunywa, mabati ya waliogoma yalitupwa mferejini, na asiye na bati hakuwahi kuwa mfanyakazi. Zikaja kadi za kutoboa kila unapoingia. Walizikata kadi za wanawake waliokwenda kujifungua. Kila chombo kililetwa kwa maneno yale yale, kwamba ni kwa faida ya mfanyakazi. Na kila kilipokuja kuna watu walioamka asubuhi wakakuta hawapo.

Sasa wameleta kidole.

Siku ya kuandikishwa, dole la Bi Dole lilisumbua. Wakalipaka mafuta, wakalikandamiza, mwishowe mashine ikakubali kwa shingo upande. Wiki za mwanzo ilimjua akirudiarudia. Baadaye ikawa leo inamjua, kesho haimjui. Na siku ambayo haikukujua unahesabiwa hukuja kazini, haijalishi ngozi ulizozitoa zinatiririka maji mbele ya macho yao. Haina malipo.

Wanawake wa Chokaa wakahangaika. Wengine walitema mate, wengine walisugua vidole kwenye nywele zao wapate mafuta. Bi Dole akafikiri kwa akili ya kazi yake. Kwenye kiwanda cha ngozi kuna sheria moja ambayo kila mtu anafundishwa: ngozi isiyoshika rangi ni ngozi iliyosafishwa vibaya, irudishe, isugue upya.

Basi siku ya mapumziko aliketi kwenye kizingiti cha chumba chake, jua likiwa utosini, akachukua jiwe la kusugulia ngozi. Akalisugua dole gumba. Akalisuuza kwa maji ya asidi wanayotumia kuondolea chokaa, akalisugua tena, taratibu, kwa kufuata mzunguko, kama anavyofanya kwenye ngozi ya daraja la kwanza. Majirani wanaofanya naye kazi Chokaa, wanawake watatu, walikuja wakamwona. Aliwaonyesha jinsi ya kufanya.

"Niliifanya kazi vizuri," anasema. Sauti yake haina kitu. "Mimi sijui kufanya kazi vibaya."

Tangu asubuhi iliyofuata mashine haikumjua tena, hata siku moja. Wala haikuwajua wale watatu. Mdogo wake alipolichukua jiwe jioni ya siku hiyo, Bi Dole alimpiga kofi mkononi, jiwe likaruka mpaka uani. Alikuwa hajawahi kumpiga tangu utoto.

Muuguzi wa zahanati ya kiwanda alimshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga.

"Mama, hii siyo ngozi ya ng'ombe, hii iko hai. Mistari inaweza kurudi. Kaa mbali na chokaa wiki sita, pengine miezi miwili."

"Nikikaa wiki sita, kazi itakuwepo?"

Muuguzi alikunja bandeji kwa uangalifu mkubwa.

"Umeona mambo?" Bi Dole anauliza, na kwa mara ya kwanza anacheka kwa sauti. "Ili mashine ijue kwamba mimi ni mfanyakazi, inabidi nisifanye kazi!"

Kisha likaja tangazo. Ambaye mashine haitakuwa imemtambua kufikia siku ya mwisho ya mwezi huu, utumishi wake unafungwa. Akipenda ataandikishwa upya, kibarua wa siku ya kwanza. Miaka yake itakuwa imekwenda na maji ya mfereji, na kiinua mgongo chake nacho. Wanawake wa Chokaa ni kumi na wanne. Tisa wanaingia kazini na kadi ya mgeni.

Bi Dole alikwenda ofisini. Alimkuta ofisa utumishi, kijana mpole mwenye tai, mtu ambaye angeweza kuwa mwanawe na alizungumza naye kama mama yake. Hilo ndilo linaloudhi zaidi.

"Mama yangu, siyo mimi. Ni mfumo."

"Mfumo ni nani? Niitie nimsalimie."

"Mama, jamani..."

"Picha ile pale koridoni ni ya nani?"

Kijana alichungulia mlangoni. "Ni yako, Mama."

"Umenijua. Sasa kwa nini usimwambie mwenzio yule wa langoni?"

"Mashine haipokei maneno ya mtu."

"Basi mwanangu, wewe na mimi wote hatuna kazi hapa. Ila wewe bado hujaambiwa."

Mwandishi wa haya alipofika kuomba maelezo, ofisa huyo alisema mfumo hauna ubaguzi, unamtendea kila mtu sawa. Ni kweli. Hata panga halibagui.

Njia ya panya ilipatikana, njia ya panya haikosi. Nyapara alimvuta Bi Dole pembeni, nyuma ya marundo ya chumvi. Alikuwa amefikiri. Mdogo wako ana vidole kumi, alisema, na bado vinasomeka kidogo. Tutaandikisha dole lake la kushoto kwa jina lako. Asubuhi ataweka la kulia kwa ajili yake, la kushoto kwa ajili yako. Miaka yako itabaki. Ila mdomo ufungwe.

"Si kwamba ananipenda," Bi Dole anaeleza. "Anaogopa kubaki na mashimo peke yake."

Alikwenda na shauri hilo nyumbani. Nyumbani ni chumba kimoja, vitanda viwili, pazia katikati, meza ndogo chini ya dirisha. Mdogo mtu alipoelezwa hakungoja sentensi iishe.

"Chukua, Dada. Chukua hata viwili. Vya nini kwangu?"

Bi Dole alilivuta pazia. Ilipofika Jumapili mchana alitoka, akarudi na mfuko. Akaweka mezani glavu mpya za mpira, nzima, ndefu mpaka kwapani.

"Za nani hizo?"

"Zako."

"Kwani nani anaolewa?"

Utani ule ule, umerudi kwa mwenyewe. Bi Dole aliupokea bila kupepesa.

"Zivae."

"Dada, wewe ndiye uliyenivua! Siku yangu ya kwanza, mbele ya watu wote. Ulisema mdogo wangu hawezi kunitia aibu."

"Nilisema."

"Leo nizivae, wenzangu wanione nani?"

"Wakuone mtu mwenye vidole."

"Na wewe utaponea wapi? Si nyapara kasema uishi kwenye kidole changu?"

Bi Dole alikaa kitandani, mikono juu ya magoti, viganja vikitazama dari. Jambo hili alikuwa amelitafuna siku nyingi.

"Nikiishi kwenye chako, tutakuwa watu wawili kwenye vidole vya mmoja. Vikifutika, tumefutika wote. Halafu sikiliza, mdogo wangu. Nimewahi kuwa mke wa mtu. Sitaki kufa nikiwa kidole cha mtu."

Mdogo mtu alizivaa. Zilikuwa kubwa, vidole vya mpira vilining'inia mbele kama viwele vya mbuzi. Aliinua mkono mmoja, akautikisa, wote wawili wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha mdogo akaugeukia ukuta, akalia ndani ya glavu.

Asubuhi yake alifika nazo Chokaa. Msichana mmoja alianza, "Bibi harus..." Bi Dole alimtazama. Neno halikumalizika. Mwisho wa wiki glavu zilikuwa jozi nne.

Nyapara alijibiwa hapana. Akasema, utajuta. Akajibiwa, hilo nimeshalianza zamani.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu siku ya mwisho ya mwezi ni kesho.

Wanawake wa Chokaa wamekubaliana. Kesho hakuna atakayeweka kidole kwenye kile kioo, hata wale watano ambao mashine bado inawaambia asante. Hakuna atakayevaa kadi ya mgeni. Watasimama langoni, kumi na wanne wote, mpaka atoke mtu mwenye mdomo, awaite kwa majina, nao waitike. Wanataka miaka yao ihesabiwe yote. Wanataka glavu nzima. Wanataka waliofutika vidole wapewe kazi ya sehemu kavu mpaka mistari irudi. Hawaombi washushiwe mwezi kutoka angani.

Na mashimo yamejaa. Leo mchana, ukiwa ofisini kwako, Bi Dole alizamisha mkono kwenye shimo la mwisho, akasukuma, akasema, "Kesho asubuhi." Zote zinaiva kesho. Zisipotolewa zitaanza kulainika, kisha kunuka, kisha uji. Meneja anaweza kuvitoa vipimo kabatini vimwambie ziko tayari. Vipimo havibebi ngozi.

Kinachomkosesha raha Bi Dole si askari wala njaa. Aliposimulia mpango huu alisimulia kwa sauti thabiti hadi alipofika kwenye ngozi, hapo akasita.

"Sijawahi kuozesha hata moja," alisema. "Ndiyo sifa yangu, sina nyingine. Nitasimama nje, pua yangu itanusa zinavyoharibika, na hapa patakuwa panawasha." Alilisugua dole kwenye paja. "Wataniita mharibifu. Sawa. Nimeshabadilishwa jina mara nyingi. Hili angalau nimelichagua nikiwa macho."

Anatarajia nini basi, baada ya yote?

"Mtu asimame pale juu ya pipa, kama zamani. Aniite. Niitike. Nikiitika wasikie wote, basi niko."

Mwaka wa maji ya kunywa, waliogoma walisimama kwenye lango lile lile. Mji ulipita ukiwatazama, kisha ukaacha kuwatazama. Siku ya tatu lango lilikuwa wazi na mfereji umejaa mabati. Wapo miongoni mwetu waliopita siku ile, wana wajukuu leo, na wakiulizwa husema hawakujua.

Wewe umejua. Umesoma mpaka hapa, huna tena mlango wa kutokea.

Kesho, kabla ya king'ora cha kwanza, uwe langoni. Acha pole nyumbani, acha bahasha. Njoo na mdomo na majirani. Usiku huu huu gonga mlango wa pili, gonga wa tatu, waambie waamke mapema. Watakapotoka kusema hawa hawajulikani, sema kwa sauti, nawajua.

Na mlinzi atakuuliza, kwa kuwa ameagizwa aulize: wewe ni nani wa hawa?

Tazama chini, miguuni pako. Kisha umjibu.